Betri ya pikipiki inaisha kila mara? Pima kwanza, ndipo ununue

Ukibonyeza stata asubuhi ukasikia tak-tak-tak, taa za dashibodi zikafifia na injini isishike, ushauri wa kijiweni huwa mmoja: "Betri imekufa hiyo, nunua nyingine." Unanunua. Inakwenda vizuri kwa muda, halafu mlio ule ule unarudi. Naendesha pikipiki kila siku hapa Morogoro, na nimeshika betri nyingi, zangu na za wenzangu. Nyingi zilizotupwa hazikuwa na kosa. Kijana wa bodaboda anayetakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni hana hela ya kubahatisha, ndiyo maana naliandika hili.

Kifaa kinachohitajika ni mita ya kawaida ya umeme, ile ndogo yenye kitufe cha kuzungusha katikati na nyaya mbili, nyekundu na nyeusi. Maduka ya vifaa vya umeme wanazo, na bei yake haifiki ya betri. Betri inayoisha ina sababu tatu: ama yenyewe haitunzi chaji, ama pikipiki haiichaji vya kutosha, ama kuna kitu kinaila ikiwa imezimwa.

Anza na betri yenyewe. Pima asubuhi kabla hujawasha chochote, kwa sababu ukipima mara tu baada ya safari mita itakuonyesha namba nzuri isiyo ya kweli. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.4 ina kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na 12.0 kushuka chini ina njaa. Ipo namba moja ya kuikariri: 10.5. Ndani ya betri mna vyumba sita, kila kimoja kinatoa takriban volti 2.1. Ukiichajisha usiku kucha, ukaiacha itulie, na bado ikasoma kama 10.5, maana yake chumba kimoja kimekufa. Hapo kweli nunua nyingine.

Kama imesoma vizuri, mwambie mwenzako abonyeze stata huku wewe umeshikilia mita kwenye vichwa vya betri. Ikiporomoka mpaka volti 7 au 8, betri imechoka hata kama ilikuwa inasoma 12.6 imetulia. Ikibaki juu ya 10 na stata bado haizungushi, betri usiiguse, tatizo liko kwenye nyaya, rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye stata) au stata yenyewe. Angalia kwanza vichwa vya betri: ule unga mweupe au wa kijani, na skrubu iliyolegea, vinatosha kukulaza njiani. Safisha kwa maji ya moto na brashi, kaza, paka grisi kidogo.

Wenye betri ya maji, tazameni ile mistari miwili ubavuni. Maji yakishuka chini ya mstari wa chini, sahani za risasi zinabaki hewani na zinaharibika moja kwa moja. Ongeza maji ya betri yasiyo na asidi. Usiweke ya bomba, na usiongeze asidi kwenye betri iliyokwisha kutumika.

Sasa chaji. Washa injini, weka mita kwenye vichwa vya betri, piga resi ya kati. Unatakiwa uone kati ya volti 13.5 na 14.5. Bila resi, taa ikiwaka, namba inaweza kuwa chini ya hapo na si kosa. Ikiwa hata kwa resi inabaki 12 na kitu, betri haipokei chochote, na hata ukifunga mpya tatu zitaisha zote.

Kabla ya kununua rektifaya, kile kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri na kuuzuia usizidi, fuata nyaya zake mpaka kwenye plagi yake. Ichomoe uitazame kwa tochi. Mara nyingi utakuta plastiki imeyeyuka upande mmoja, kipini kimoja kimekuwa cheusi, na waya wa njano umekakamaa kama uliokaangwa. Muungano ukilegea unapata joto, joto linaongeza kulegea, mwisho umeme haupiti. Kubadilisha plagi hiyo ni kazi ya muda mfupi na fedha kidogo. Kama plagi ni nzima na zipo nyaya tatu za njano kutoka kwenye injini, ichomoe, geuza mita kwenye volti za AC (umeme kabla haujapita kwenye rektifaya), washa injini, upime waya kwa waya, mbili mbili. Namba tatu zinatakiwa zifanane na zipande pamoja ukipiga resi. Moja ikiwa chini sana, koili ya chaji, ile ya ndani ya injini inayozalisha umeme, imeungua. Zikiwa sawa na chaji bado haifiki, rektifaya ndiyo yenye lawama. Pikipiki zenye waya mmoja au miwili ya koili zina mpangilio tofauti, hizo mpelekee fundi wa umeme.

Namba ya kwenye vichwa vya betri ikipita 15 injini ikiwaka, hilo nalo ni tatizo la rektifaya. Betri inachemka, maji yanakauka upesi, na ukiinama karibu unasikia harufu kama ya yai viza. Wanaolalamika kwamba kila betri wanayofunga inakauka, wapime hapa.

Kuna jambo dogo linalokula chaji mchana kweupe na watu hawalioni: taa ya breki. Swichi ya breki ya nyuma ina springi ndogo karibu na pedeli. Tope likiganda hapo, au breki ikikazwa bila kurekebisha swichi, taa inawaka safari nzima. Balbu yake ya breki huwa ya wati 21, yaani karibu ampia 1.75. Ukiongeza taa ya mbele, taa za mapambo, chaji ya simu na spika ya muziki, halafu safari zenyewe ni za mitaa miwili na stata kila kituo, koili haiwezi kurudisha kilichotumika. Kwa kazi ya namna hiyo, tumia kiki kila inapowezekana.

Kama betri ni nzima na chaji inafika, lakini ukiiacha siku mbili haiwaki, basi kuna mwizi wa usiku. Zima, toa funguo. Fungua waya wa hasi. Hamisha waya mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, zungusha kitufe kwenye 10A, kisha weka mita katikati ya kichwa cha hasi na ule waya uliofungua. Usiwashe funguo wala kugusa stata ukiwa hivyo, utaunguza mita. Pikipiki isiyofungwa vifaa vya ziada inatakiwa isome sifuri au miliampia chache.

Jirani yangu mmoja alikuwa anasoma miliampia 60. Zinaonekana ndogo, lakini kwa saa 24 ni Ah 1.44 (ampia-saa, kipimo cha umeme ambao betri inatunza), na betri yake ilikuwa ya Ah 5. Kwa siku mbili zaidi ya nusu imekwenda. Tulichomoa kitu kimoja kimoja huku tukiangalia mita. Tundu la kuchajia simu, ambalo fundi alilifunga moja kwa moja kwenye betri bila kupitia swichi ya funguo, lilipochomolewa namba ikaanguka mpaka karibu na sifuri. Tulilihamishia kwenye waya unaopata umeme funguo ikiwashwa tu, na betri yake ya zamani ndiyo anayotumia hadi leo.

Washukiwa wengine ni alamu na kifaa cha kufuatilia pikipiki. Kama uko kwenye mkataba, hicho usikichomoe kimyakimya, utaingia kwenye ugomvi na mwenye chombo. Mwonyeshe namba kwenye mita, amwite aliyekifunga. Na ukichomoa vyote namba ikabaki, chomoa rektifaya: ikishuka hapo, inavujisha umeme kurudi nyuma.

Ikibidi kununua, ukichukua betri ya maji usikubali ijazwe asidi na kufungwa papo hapo. Iache itulie kama nusu saa, kisha ichajishwe kwa moja ya kumi ya uwezo wake: ya Ah 5 kwa ampia 0.5, mahali penye hewa na mbali na sigara. Chaja kubwa ya betri za magari itaichemsha kabla haijafanya kazi hata siku moja.