Kabla ya kulipia "rangi adimu", mtazame ndege usoni

Nilipoanza kufuga baji, hawa kasuku wadogo wenye asili ya Australia, niliuziwa dume wa njano mtupu mwenye macho meusi. Muuzaji aliapa kwamba ndiye yule anayetafutwa na wafugaji, njano safi wa macho meusi, na bei akaipandisha kwa kiapo hicho hicho. Nikalipa. Nilimpa jike wa kijani wa kawaida, wakatotoa sita. Walipoota manyoya, wote sita mabawa yao yalikuwa yamepindua mchoro. Baji wa kawaida ana unyoya mweusi wenye ukingo wa njano. Hawa walikuwa na unyoya wa njano uliozungushiwa uzi mwembamba mweusi.

Mchoro huo ni wa spango, rangi iliyoibuka Australia miaka ya 1970 na ambayo leo imejaa kila banda. Spango akirithi jeni yake kwa mzazi mmoja, huchorwa hivyo mabawani. Akiirithi kwa baba na kwa mama, mchoro hufutika karibu wote, akabaki njano au mweupe. Dume wangu alikuwa huyo wa mara mbili, ndiyo maana hakuna mtoto hata mmoja aliyeponyoka.

Kilichoniuma si pesa. Ni kwamba jibu lilikuwa usoni pake tangu siku ya kwanza, nami nilikuwa nahangaika na manyoya.

Kuna baji watatu wa njano mtupu ambao anayeanza huwachanganya. Lutino ana macho mekundu, lakini kwenye kivuli wekundu huo unaweza kukupotea, kwa hiyo mtoe kwenye mwanga wa mchana. Spango wa mara mbili ana jicho jeusi lenye pete nyeupe kuzunguka mboni, na dume wake ile nyama ya juu ya mdomo, penye matundu ya pua, ni ya buluu kama ya dume yeyote. Yule adimu wa kweli ana jicho jeusi tii, pete hakuna, na nyama ya pua ya dume wake hubaki ya waridi au zambarau uzeeni. Dume wangu alikuwa na pete, tena pua ya buluu iliyokolea. Nilivitazama vyote viwili nikavipita.

Ila usikimbilie kusema "hana pete" kama ndege bado kinda. Kinda wa kawaida naye hana. Humjia taratibu baada ya miezi kadhaa. Kwa baji mwenye mistari, umri unausoma kwenye paji: mistari ikishuka mpaka puani, huyo hajabadilisha manyoya yake ya kwanza, na ukweli wa jicho lake bado haujafika. Nimeona watu wakigombania kinda wa miezi miwili kwa sababu hiyo tu.

Jambo la pili ni kujua rangi inatoka wapi. Kijani cha baji si rangi moja. Ni njano iliyolazwa juu ya buluu, na buluu yenyewe si rangi ya kuchanganya, ni jinsi unyoya ulivyojengeka na kurudisha mwanga, weusi ukiwa chini yake. Ukiondoa njano unapata baji wa buluu; mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba kinachobadilika hapo ni sehemu moja ya jeni inayohusika na kutengeneza njano. Ukiondoa weusi unapata lutino. Ukiondoa vyote viwili, albino. Kwa hiyo albino anayetangazwa kama muujiza ni buluu na lutino waliokutana kwenye ndege mmoja. Wengi wanaoitwa adimu wako hivyo, rangi mbili tatu za kawaida zimepangwa kwa namna ambayo mnunuzi hajawahi kuiona.

Hapo hapo kuna uongo mmoja ambao huna haja ya kuukubali: "Jike huyu wa kijani amebeba lutino kwa ndani." Haiwezekani. Lutino, opalini (mchoro wa mgongoni umefifia) na mdalasini (weusi umegeuka kahawia) zinakwenda na kromosomu ya jinsia, na kwa ndege jike ana nakala moja tu ya kromosomu hiyo. Akiwa nayo ataionyesha. Mwenye kuficha ni dume. Mimi muuzaji akinitamkia hilo, nafunga mazungumzo hata kama ndege ni mzuri.

Siku hizi jina linalotajwa sana ni antrasiti, mweusi wa makaa aliyetokea Ujerumani miaka ya 1990. Wengi ninaoletewa ni kijivu wa kawaida au buluu iliyozidi giza. Tazama baka la shavuni. Likiwa la zambarau, huyo ni wa ukoo wa buluu tu. Antrasiti wa mara mbili shavu lake ni la makaa kama mwili. Na usihukumu kwa picha ya simu; yangu hugeuza zambarau kuwa buluu kila mara.

Mayai yakianza kupasuka, chungulia siku za mwanzo kabisa, kabla macho hayajafunguka. Chini ya ngozi ya kope jicho la kinda wa kawaida ni jeusi, la mdalasini lina wekundu wa zambarau, na baada ya siku chache hukoza ukashindwa kutofautisha. Andika daftarini siku hiyo hiyo, na namba ya pete ya mguuni ukishamvisha.

Ukikutana na baji aliyegawanyika katikati, kushoto kijani na kulia buluu, mpaka umenyooka kama umepigwa rula, huyo ni nadra kweli. Ila ni ajali ya yai likiwa changa, hairithiwi. Mnunue kama umempenda, lakini usimlipie bei ya ndege wa kuzalishia.