Wasomaji Wanauliza: Je, Jeopardy! ya leo ndiyo ile ya mwaka 1964?

Katika toleo lililopita tulitaja kwa kifupi kipindi cha chemshabongo cha Marekani kiitwacho Jeopardy!, ambacho kilianza kurushwa mwaka 1964 na bado kinatazamwa hadi leo. Barua tatu kati ya zile zilizotufikia baada ya hapo zinauliza mambo yanayohusiana, kwa hiyo tumezijibu pamoja.

Nimeona vipande vya kipindi hicho kwenye simu ya mjukuu wangu, na nimeshangaa kwamba kila mshindani anajibu kwa kuuliza. Niliwafundisha watoto kwa miaka mingi kwamba anayeulizwa hujibu. Utaratibu huo ulitoka wapi?
*Mwalimu mstaafu, Tanga*

Shikamoo, Mwalimu. Utaratibu huo ulizaliwa na fedheha. Katika miaka ya 1950 televisheni ya Marekani ilijaa vipindi vya maswali vyenye zawadi kubwa, na baadaye ikabainika kwamba waandaaji wa baadhi yake walikuwa wakiwapa majibu washindani waliowapenda kabla hawajaingia studio. Charles Van Doren, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Columbia ambaye kipindi cha Twenty-One kilikuwa kimemfanya kipenzi cha taifa, alikiri jambo hilo mbele ya kamati ndogo ya Bunge mwezi Novemba 1959, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria ya kuharamisha hila za namna hiyo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa miaka kadhaa vituo vya televisheni vilisitasita kugusa kipindi chochote cha maswali.

Mtayarishaji Merv Griffin alikuwa akilalamikia hali hiyo walipokuwa safarini kwa ndege na mkewe, Julann. Mkewe akamwambia: kwa nini washindani wasipewe majibu waziwazi, kisha wao ndio watafute swali? Akamjaribu papo hapo kwa kumtajia namba 5,280, na Griffin akatambua kwamba swali lake ni "Maili moja ina futi ngapi?" Jina la mwanzo la mchezo lilikuwa na maana ya "Swali ni Lipi?", lakini baada ya ofisa mmoja wa kituo cha NBC kusema kwamba mchezo unahitaji hatari zaidi, ukapewa jina la Jeopardy!, neno lenye maana ya kuwa mashakani.

Naamini wewe, Mwalimu, utauelewa mchezo huu haraka kuliko Wamarekani wengi walivyouelewa siku ya kwanza, kwa sababu umekulia katika vitendawili. Anayetega hasemi "Ni kitu gani?" bali hutoa maelezo, "Nyumba yangu haina mlango", na mteguaji hutaja yai. Mtangazaji wa Jeopardy! naye hutoa dokezo la namna hiyo, isipokuwa mteguaji hulazimika kusema "Yai ni nini?" badala ya "Yai" peke yake. Katika raundi ya kwanza aliyesahau umbo hilo hukumbushwa kwa upole, lakini katika raundi ya pili kusahau huhesabiwa kuwa ni kukosa. Na pale ambapo kwetu aliyeshindwa kutegua hutoa mji, huko hupunguziwa fedha sawa na thamani ya dokezo lenyewe, kiasi kwamba mtu aweza kujikuta ana deni kabla mchezo haujafika nusu.

Ninahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee hapa Houston, na kila siku ya kazi hukusanyika mbele ya televisheni kutazama Jeopardy!. Mzee mmoja aliyepita umri wa miaka themanini husema kila mara kwamba mchezo huu si ule aliokuwa akiutazama ujanani, na wenzake humcheka kuwa amesahau. Naomba mnisaidie kujua nani yuko sahihi.
*Msomaji wa kike, Houston, Marekani*

Dada, mwambie mzee huyo kwamba kumbukumbu yake haijamtupa. Wenzake nao wana sehemu yao ya ukweli, maana mifupa ya mchezo ni ile ile: ubao wa mafungu sita yenye madokezo matano kila moja, raundi mbili, halafu dokezo moja la mwisho ambalo washindani huliwekea dau kabla ya kulisoma na kulijibu kwa maandishi ndani ya sekunde 30. Hayo yalikuwapo tarehe 30 Machi 1964, kipindi kiliporushwa mara ya kwanza na NBC wakati wa mchana, kikiendeshwa na Art Fleming. Waliwahi kuivunja mifupa hiyo mara moja. Kipindi kilikuwa kimesimamishwa Januari 1975, na kiliporudishwa Oktoba 1978 kilikuja na utaratibu mpya wa kumtoa mshindani mwenye fedha kidogo baada ya raundi ya kwanza. Kufikia Machi 1979 kilikuwa kimezimwa tena.

Alichokiona mzee wako ujanani ni mchezo wa fedha ndogo na mikono miepesi. Dokezo la chini kabisa lilikuwa na thamani ya dola 10 na la juu kabisa dola 100, na madokezo yalikuwa yameandikwa kwenye kadi ambazo mfanyakazi aliyesimama nyuma ya ubao alizifunua kwa mkono. Kipindi kiliporejea tarehe 10 Septemba 1984, kikiendeshwa na Alex Trebek, ubao ulikuwa umegeuka kuwa safu za televisheni ndogo, na thamani zote zilikuwa zimezidishwa mara kumi. Novemba 2001 zikazidishwa tena mara mbili. Ukijumlisha madokezo yote ya ubao bila madau, mchezo mzima wa mwaka 1964 ulikuwa na thamani ya dola 2,700, na wa leo una thamani ya dola 54,000. Ongezeko hilo ni la mara 20, ilhali bei za vitu nchini Marekani zimepanda takriban mara kumi katika muda huo. Hata hivyo, tangu mwaka 2001 thamani hizo hazijaguswa, wakati bei za vitu zimepanda kwa zaidi ya nusu; kwa hiyo mshindani wa leo anagombea fedha ambayo kila mwaka inanunua vitu vichache kuliko mwaka uliotangulia.

Lakini fedha si jambo kubwa. Muulize mzee kuhusu kitufe, nami nadhani atakusimulia kwa furaha. Enzi za Fleming mshindani aliruhusiwa kubonyeza wakati wowote, hata kabla mtangazaji hajamaliza kusoma, na mwenye macho mepesi aliliona dokezo, akabonyeza na kujibu huku watazamaji nyumbani wakiwa bado wanasoma neno la tatu. Msimu wa kwanza wa Trebek uliendelea hivyo, kisha mwaka 1985 kanuni ikabadilishwa: vitufe hufunguliwa na mfanyakazi asiyeonekana kwenye kamera baada ya neno la mwisho kusomwa, taa zilizo kando ya ubao zikawaka, na anayewahi kubonyeza kabla ya taa hufungiwa kwa robo ya sekunde. Robo ya sekunde ni muda mdogo sana, lakini mbele ya washindani wawili wanaojua jibu lile lile inatosha kukupotezea ushindi. Naliona badiliko hili kuwa la haki kwa mtazamaji, kwa sababu ndilo lililompa mzee aliyekaa kitini nafasi ya kujibu kwa sauti kabla ya mtaalamu aliyeko studio. Wakati huo huo liliupeleka mchezo kwenye vidole: washindani wote watatu mara nyingi wanajua, na anayeshinda ni yule anayejua kuusubiri mwanga.

Kuna badiliko jingine la wakati huo ambalo wengi hawalikumbuki. Zamani kila mshindani aliondoka na fedha aliyoipata, awe ameshinda au ameshindwa. Matokeo yake ni kwamba aliyekwisha kujikusanyia kiasi cha kumridhisha aliacha kubonyeza, akihofia kupoteza alichonacho, na mchezo ukapoa. Tangu mwaka 1984 anayebaki na fedha zake ni mshindi peke yake. Wa pili na wa tatu walipewa zawadi za vitu, kisha kuanzia mwaka 2002 dola 2,000 na dola 1,000, viwango vilivyopandishwa mwaka 2023 kuwa dola 3,000 na dola 2,000.

Badiliko ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote lilikuja bila kelele mwezi Septemba 2003. Kabla ya hapo bingwa aliyeshinda siku tano mfululizo aliagwa kwa heshima, ili nafasi iwaendee wengine. Kikomo hicho kilipoondolewa, haukupita mwaka mmoja kabla Ken Jennings, mhandisi wa programu za kompyuta kutoka Utah, hajaingia studio mwezi Juni 2004 na kushinda michezo 74 mfululizo, akijipatia dola 2,520,700. Alianguka Novemba 30 kwa dokezo lililohusu kampuni ambayo wengi wa wafanyakazi wake 70,000 wa msimu hufanya kazi miezi minne tu kwa mwaka; jibu lilikuwa kampuni ya kutayarisha hesabu za kodi, H&R Block, naye akaandika FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi. Hadi hapo Jeopardy! ilikuwa mchezo wa jioni moja: unaitazama, inaisha, kesho wanakuja watu wengine. Kuanzia hapo ikawa hadithi yenye mhusika, watu wakirudi kila siku kuona kama leo ndiyo siku yake. Wapo wanaosikitika kwamba bingwa mmoja anaziba njia ya makumi ya watu ambao pengine walisubiri miaka kadhaa kuitwa, na huzuni hiyo naielewa. Hata hivyo, singependa kikomo kirudishwe, kwa sababu bila kuondolewa kwake tusingemwona Amy Schneider akishinda michezo 40, wala Matt Amodio akishinda 38, kati ya mwaka 2021 na 2022.

Yapo pia mabadiliko ambayo waandaaji hawakuyapanga, yakaletwa na wachezaji wenyewe. Kwa desturi mshindani alichagua fungu na kushuka nalo kutoka juu hadi chini, na madokezo yalitungwa kwa mpangilio huo, rahisi yakitangulia. Mwaka 1985 Chuck Forrest alianza kurukaruka kutoka fungu moja hadi jingine ili kuwavuruga wapinzani, na mchezo wa namna hiyo ukabaki na jina lake. Mwaka 2019 James Holzhauer, mcheza kamari wa kulipwa kutoka Las Vegas, aliufikisha mbali zaidi: alianza na madokezo ya thamani kubwa yaliyoko chini ya ubao, akajilimbikizia fedha, kisha akayawinda yale madokezo matatu yaliyofichwa ambayo anayeyafungua huruhusiwa kuweka dau hata la fedha zake zote. Katika mchezo mmoja alipata dola 131,127, na katika michezo 32 dola 2,462,216. Alieleza kwamba alijiandaa kwa kusoma vitabu vya watoto maktabani, kwa kuwa vina picha na vinaeleza mambo kwa uwazi; nawaombeni, wazazi mnaosoma safu hii, mulitafakari hilo. Leo washindani wengi huanzia chini, na nadhani hiki ndicho kinachomfanya mzee wako ahisi kwamba mchezo umekuwa mgeni kwake, maana jicho lake limezoea kushuka taratibu pamoja na fungu, nalo sasa linaburutwa huku na kule.

Hapa Bukavu tulikua tukitazama Questions pour un champion, chemshabongo ya televisheni ya Ufaransa, na mtangazaji wake Julien Lepers alipoondolewa mwaka 2016 baba yangu aliacha kukitazama kabisa. Je, hicho cha Wamarekani hakikupoteza watu mtangazaji wao alipofariki?
*Msomaji wa kiume, Bukavu*

Kaka, uchungu wa baba yako unaeleweka, kwa kuwa Lepers alikuwa pale tangu kipindi kilipoanza mwaka 1988. Alex Trebek alikaa Jeopardy! misimu 37 na kuendesha vipindi zaidi ya 8,200. Machi 2019 aliwatangazia watazamaji mwenyewe kwamba ana saratani ya kongosho, akaendelea na kazi katikati ya matibabu, na alirekodi vipindi vyake vya mwisho siku kumi tu kabla ya kufariki tarehe 8 Novemba 2020. Vipindi hivyo viliendelea kurushwa hadi tarehe 8 Januari 2021, na familia nyingi zilimuaga huku akiwa tayari amefariki.

Urithi wake haukupatikana kwa urahisi. Kwa miezi kadhaa walipita watangazaji wa muda mmoja baada ya mwingine. Agosti 2021 akateuliwa Mike Richards, aliyekuwa mtayarishaji mkuu wa kipindi hicho hicho, naye akajiuzulu siku chache baadaye kutokana na maneno ya kudhalilisha watu aliyowahi kuyatamka huko nyuma. Kazi ikagawanywa kati ya mwigizaji Mayim Bialik na Ken Jennings, yule yule bingwa wa michezo 74, na Desemba 2023 ikatangazwa kwamba Jennings atabaki peke yake. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu Jennings amesimama pande zote mbili za meza ile, na mshindani anapokosa kwa dokezo moja huonekana usoni mwake kwamba anajua maumivu yake.

Baba yako, na yule mzee wa Houston pia, wakifungua kipindi leo watasikia angalau kitu kimoja ambacho hakijaondoka tangu mwaka 1984. Sauti inayowakaribisha washindani mwanzoni ni ya Johnny Gilbert, aliyezaliwa mwaka 1924, na alipotimiza miaka 100 ndiye aliyekuwa bado akiwatangaza.