Usisubiri kikao cha Jumanne, nenda hospitali usiku huu

Mdogo wangu, umeandika kwamba ulibakwa na mwanafunzi mwenzako Ijumaa usiku, kwamba mlezi wa wanafunzi amekutaka utulie hosteli mpaka kamati ya nidhamu ikutane Jumanne, na unauliza kama usubiri. Leo ni Jumamosi. Saa 72 tangu utendewe unyama huo zitatimia Jumatatu usiku, kabla hata wanakamati hawajaketi. Usisubiri.

Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ambazo hospitalini huitwa PEP, zinapaswa kuanzwa ndani ya saa hizo 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyokuwa na nguvu. Kisha humezwa kila siku kwa siku 28. Hakuna kamati inayoweza kukurudishia saa hizo zikishapita. Nalijua hili kwa sababu katika chuo kimoja cha huku kusini, ambacho sitakitaja, nilipokwenda kwa matroni nikilia, aliniambia nioge, nifue nguo, nilale, na nisimweleze mtu mpaka mkubwa wake arudi safari. Nilimtii kwa kuwa ndiye niliyekabidhiwa kwake. Nilipofika hospitali, muuguzi alihesabu saa, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole kwamba muda wa dawa umepita na kilichobaki ni kupima, kusubiri na kupima tena. Miezi ile ya kusubiri majibu ilinitesa kuliko kitu chochote nilichowahi kupitia, na haikuwa na ulazima wowote, kwani kutoka hosteli mpaka hospitali ilikuwa ni safari fupi ya bajaji.

Mpaka leo nina uchungu na wale waliojiita walezi. Kamati waliyonisubirisha iliniuliza nilivaa nini na kwa nini nilikubali kusoma usiku na mvulana, halafu ikawapa nafasi ndugu zake waje na ahadi ya fedha za msimu wa korosho ili yaishe kimyakimya. Walikuwa wakilinda jina la chuo. Kamati ya nidhamu inaweza kumfukuza mwanafunzi, lakini ubakaji ni jinai, na kwa mkosaji aliye mtu mzima Kanuni ya Adhabu inataja kifungo cha maisha au kisichopungua miaka 30. Jambo la uzito huo si la kumalizwa kwa kikao na bahasha.

Kwa hiyo, hospitali kwanza. Mtwara mjini nenda Ligula. Aliyeko Lindi aende Sokoine. Nenda na rafiki unayemwamini, na ukifika mapokezi huna haja ya kusimulia mbele ya foleni: sema tu kwamba umefanyiwa ukatili wa kingono, hujatimiza saa 72, na unahitaji kuonana na daktari faragha. Omba PEP, dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ambayo inaweza kutumika hadi saa 120 ingawa kuwahi ni bora, kinga ya magonjwa mengine ya zinaa, na chanjo ya homa ya ini aina ya B kama hukuwahi kuipata. Kama hujaoga, usioge kwanza. Kama umekwisha kuoga, nenda hivyo hivyo, maana matibabu hayategemei hilo. Nguo ulizovaa usizifue. Ziweke katika mfuko wa karatasi, kwa sababu nailoni hutunza unyevu na kuharibu ushahidi.

Utaulizwa kuhusu PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka aliyeumizwa kutibiwa. Fomu hiyo hutolewa na polisi bila malipo, na kituoni omba Dawati la Jinsia na Watoto, ili usilazimike kueleza mambo haya kaunta mbele ya kila mtu. Lakini ukijikuta hospitali bila fomu, usikubali kurudishwa kimya kimya. Omba kinga ianze kwa kuwa ni dharura, na fomu ishughulikiwe huku ukihudumiwa. Mtaje mapema aliyekutendea, kwa jina, kwa daktari na kwa polisi, kwa maana mahakama zetu huzingatia sana jambo la mtuhumiwa kutajwa mapema. Na yeyote atakayekutisha kwamba bila shahidi aliyeona huna kesi, anakupotosha: Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli.

Mlezi akikupigia simu kukuuliza uko wapi, mjibu kwamba uko kwenye matibabu na maelezo yake atayapata baadaye. Huhitaji ruhusa yake ya kutibiwa. Ukipewa dawa, usiziache hata zikikuletea kichefuchefu. Rudi ukamweleze daktari, atakusaidia. Mimi niko Mtwara mjini. Kama huna wa kukusindikiza, niandikie faragha sasa hivi, nitakukuta getini Ligula na nitakaa nawe mpaka utakapomaliza.