Walikuwa na moyo mmoja, mbona Paulo alimkemea Petro?

Swali: Shikamoo mwalimu. Matendo 4:32 inasema walioamini walikuwa na moyo mmoja na roho moja. Lakini katika Wagalatia 2 Paulo anamkemea Petro mbele ya watu wote. Kanisa la mwanzo lilikuwa moja kweli?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Usiishie sura ya 4. Sogea hadi 6:1, utakuta manung'uniko: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Luka aliyeandika habari za moyo mmoja ndiye aliyeandika na hayo.

Sasa twende Antiokia, mji ambako Paulo alimkemea Petro. Huko waligombana juu ya kula pamoja. Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, yaani waamini wasio Wayahudi. Walipofika watu waliotoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, "alianza kurudi nyuma". Lishike hilo neno "alianza". Kitenzi cha Kiyunani hapo kiko katika hali ya kuendelea. Mimi nakisoma hivi: Petro hakuinuka mezani kwa kishindo, alijiondoa taratibu, leo hayupo, kesho hayupo, mpaka Barnaba, mwenzake Paulo, naye akachukuliwa na unafiki huo. Aliyewahi kuachwa peke yake kwenye sinia anajua uchungu wake. Kwa Paulo, kujitenga kule kulikuwa kumlazimisha mtu wa Mataifa aishi Kiyahudi ndipo akubalike.

Petro alijibu nini? Paulo hasemi. Naamini kama angekiri kosa palepale, Paulo angeliandika, maana lingemfaa sana mbele ya Wagalatia.

Lakini tazama Wagalatia 2:10. Wazee wa Yerusalemu walikuwa wamemwomba Paulo awakumbuke maskini, naye hakuacha. Miaka baadaye anachangisha Makedonia na Akaya; Wakorintho anawaagiza kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma. Fedha hizo zinakwenda Yerusalemu, kwenye kanisa la Yakobo yuleyule! Umoja wao mimi nauona hapo zaidi kuliko katika kukubaliana. Katika Warumi 15:31, waraka wa yapata mwaka 57, anawasihi wamwombee ili huduma hiyo "ikubalike kwa watakatifu". Yaani alihofu kwamba huenda wangeikataa, na bado akafunga safari.