Kaka ana Crohn, na wewe ukapime jeni? Soma kwanza yaliyonipata

Mleta uzi anasema kaka yake wa tumbo moja ana Crohn (ugonjwa sugu wa uvimbe na vidonda vya utumbo), anauliza akapime jeni au anunue vidonge vya bakteria wazuri ajikinge mapema. Mkuu, yote mawili nimeyapitia, pochi yangu ni shahidi.

Mimi pia nina Crohn. Kabla haijajulikana, nilipimwa taifodi na amiba hadi nikachoka, kisha nikamezeshwa dawa za TB ya tumbo miezi 6, mkojo rangi ya chungwa kila siku. Wapi! (Siwalaumu sana, TB ya utumbo na Crohn zinafanana mno.) Kamera ilipoingizwa nikajionea kwenye skrini: nyama imevimba vinundu kama ganda la fenesi, katikati mifereji ya vidonda.

Sasa jeni. Inayotajwa zaidi ni NOD2, iliyohusishwa na Crohn mwaka 2001. Ichukulie kama pua: inanusa vipande vya ukuta wa bakteria, halafu seli za Paneth, zilizojificha chini kwenye vishimo vya utumbo mwembamba, zinamwaga sumu ya kuwazuia wasisogee. Pua ikiziba, bakteria wanasogea taratibu, na kinga inakuja kushtuka wameshajazana. Fujo inayofuata ndiyo vidonda. Na fujo hiyo huenda haichagui: hata bakteria wapole kama Faecalibacterium prausnitzii, wanaotengeneza butireti (aina ya asidi ya mafuta) ya kulisha ukuta wa utumbo mpana, wengi wetu wenye Crohn tunakutwa nao wachache. Hapo ndipo kuku na yai vinapoanza: uhaba wao ndio unaleta ugonjwa, au ugonjwa ndio unawapunguza?

Binamu yangu wa Marekani akaniletea kichupa cha kupima jeni, nikatema mate. Majibu: mabadiliko 3 ya NOD2 waliyopima, sina hata moja! Na vidonda ninavyo. Kumbe hayo 3 yalipatikana kwa Wazungu, kwetu Waafrika ni adimu. Tena Wazungu wengi wanaoyabeba hawaugui maisha yao yote. Hata pacha wa kufanana, mwenzake akiwa na Crohn, mara nyingi yeye hana.

Vidonge vya bakteria nilimeza miezi 3, nikaambulia gesi.

Hela yako kaa nayo. Kama unavuta sigara, acha, hiyo inaongeza hatari kweli. Ukiharisha zaidi ya wiki 4, ukaona damu au suruali zikaanza kukupwaya, muone daktari wa mfumo wa chakula, mwambie mapema habari za kaka yako, na uliza kipimo cha choo cha kalprotektini (protini inayoonyesha kama utumbo umevimba) kabla ya kamera.

Kaka mwenyewe yuko kwenye dawa gani sasa?