Jibu: Kwa nini dawa ileile bei tofauti Kirumba na mjini?

Mkuu, umeuliza kama mbunge anayetaka TMDA ishughulikie bei za dawa ana hoja au anatafuta kura, maana ulipoteza buku tatu kwa dawa ileile kati ya duka la Kirumba, hapa Mwanza, na la mjini. Hoja anayo, ila amechanganya mambo mawili: bei na usalama.

TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyokuwa TFDA hadi 2019, kazi yake ni ubora, usalama na ufanisi wa dawa. Kumpangia bei mwenye duka haimo. Kwa hiyo ukienda kulalamika bei pale utarudi na nauli imeisha. Tofauti ya bei inaweza kutokana na jina la kampuni tu. Muulize muuzaji, "Una ya jina lingine, kiambato hichohicho na miligramu zilezile?" Wengi hawakwambii mpaka uulize.

Usalama ndio unaonitisha mimi. Mwaka jana karibu na soko la samaki la Mwaloni nilipewa amoksilini za kuhesabiwa mkononi kutoka kwenye kopo, zikafungwa kwenye kipande cha gazeti. Tarehe ya mwisho? Namba ya toleo? Hakuna. Nikamrudishia muuzaji. Akanikasirikia kweli, eti najifanya daktari!

Halafu angalia kibao: duka la dawa muhimu si famasi, lina orodha yake ya dawa linazoruhusiwa kuuza. Na wale wa Ukerewe wanaoagiza dawa kwa mtu wa boti, wadai boksi na risiti. Ukishuku kitu, peleka na boksi lake TMDA, wana ofisi ya kanda hapahapa Mwanza.