Nyundo ya mashine ya mtumba: ione ikipiga kwanza

Fundi, umeuliza kama uichukue ile nyundo ya mashine iliyotumika, ya kufulia chuma kwa mota, unayouziwa soko la Kibuye, Kisumu. Usitoe pesa kabla hujaiona ikipiga chuma chekundu. Ikiwa imezimwa, tikisa kichwa chake. Kikicheza sana kwenye njia zake, yaani reli zinazokiongoza juu na chini, kitapiga upande. Halafu chukua tambara, futa grisi yote kwenye fremu. Fremu ikiwa ya chuma cha kusubu (kilichomiminwa kwenye kalibu) na ikipasuka, kuichomelea ni kazi ngumu, na rangi mpya huficha ufa. (Niliuziwa moja kama hiyo Nakuru, ilimeta kama harusi.) Soma kibati cha mota: volti 415 ni fezi tatu, umeme wa nyaya tatu za moto, na kibanda chako nadhani kina volti 240 za fezi moja tu. Bado msingi wa zege. Bila huo, mtikisiko utawafanya majirani wakuhamishe.